UZI: Barua pepe za hitilafu zinazojirudia kutoka osTicket. Soma mpigo wake kabla hujazizima

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za majukumu.

Swali hili linarudi kila baada ya muda. Mtu kafunga osTicket (mfumo unaogeuza barua za wateja kuwa tiketi) ofisini, imefanya kazi vizuri kabisa, halafu siku moja kikasha cha admini kinafurika barua za hitilafu, zote zinafanana. Na jibu analopewa ni "tengeneza kichujio, zipeleke folda nyingine" au "zima hizo tahadhari ulale". Ushauri huo naupinga kwa nguvu zote. Barua hizo zinapoanza, mara nyingi tiketi za wateja zimeshaacha kuingia. Mteja anaandika, hapati namba ya tiketi, anaandika tena, anakata tamaa. Watu wa huduma kwa wateja wanaona foleni imepungua na wanadhani siku ni tulivu. Kitu pekee kinachosema ukweli hapo ofisini ni zile barua zinazokukera.

Ninachoomba tukifanye kabla ya kugusa mpangilio wowote ni kuangalia zinakuja kila baada ya muda gani. Panga barua kwa muda, chukua kama ishirini hivi, tazama nafasi kati ya moja na nyingine. Mpigo huo unakuelekeza kwenye chanzo hata kabla hujafungua barua yenyewe.

Tazama pia mtumaji. Akiwa "Cron Daemon" (cron ni kipanga ratiba cha seva, kinachoendesha kazi kila baada ya muda), hiyo haikutoka osTicket, imetoka kwenye seva. Akiwa "osTicket Alerts", ni mfumo wenyewe unalalamika. "Mailer-Daemon" au "Mail Delivery System" maana yake kuna barua iliyoshindwa kufika. Na ukikuta ni jibu la kiotomatiki la mtu wa nje, hiyo ni kesi nyingine kabisa, nitaigusa baadaye.

Tuanze na inayosumbua wengi. Kichwa cha barua kimeandikwa "Mail Fetch Failure Alert", na ndani inasema osTicket inapata shida kuchukua barua kutoka akaunti fulani, makosa 5 mfululizo. Inavyofanya kazi katika matoleo ya kabla ya 1.17 ni hivi: mfumo ukishindwa kuingia kwenye akaunti, unahesabu kosa moja kimyakimya. Likifika la 5 unatuma tahadhari, kisha unajipa mapumziko ya dakika 10 kabla ya kujaribu tena. Ukishindwa tena, tahadhari nyingine. Kwa kuwa cron ya wengi wetu inakimbia kila dakika 5, barua zinatua kila dakika 10 hadi 15. Ukiona mpigo huo, acha kuhangaika na kanzidata, nenda moja kwa moja kwenye nywila, cheti, au njia ya kuingilia.

Hapo kuna mtego. Ukirekebisha nywila, mfumo unaweza kuwa bado yuko kwenye yale mapumziko ya dakika 10, ukadhani hujafanya kitu, ukaanza kubadilisha vingine vilivyokuwa sawa. Baada ya kurekebisha, fungua mipangilio ya ile akaunti ya barua na uihifadhi upya. Hesabu ya makosa inarudi sifuri na jaribio linalofuata halisubiri.

Sasa kwa nini nywila iliyofanya kazi miaka yote ikatae ghafla? Google walifunga njia ya kuingia kwa jina na nywila tupu kwenye akaunti za kawaida za Gmail tarehe 30 Mei 2022. Microsoft wakaanza kuizima kwenye Exchange Online tarehe 1 Oktoba 2022, kwa IMAP na POP zote mbili, yaani njia za kupokea barua. Lakini Microsoft waliiacha kwanza njia ya kutuma, yaani SMTP. Ndiyo maana ofisi nyingi zilichanganyikiwa: osTicket inatuma barua vizuri, hata tahadhari zenyewe zinafika, halafu haiwezi kupokea hata moja. Mtu anajijaribia barua ya kutoka, inafika, anasema mfumo mzima uko salama. Kutuma na kupokea ni milango miwili, pima kila mmoja peke yake.

Kwa Gmail ya kawaida unaweza kuwasha uthibitisho wa hatua mbili na kutengeneza nywila ya programu, ile ya herufi 16. Kwa Microsoft huna ujanja, ni OAuth2 (kuingia kwa idhini badala ya nywila), na osTicket inaiweza kuanzia toleo 1.17 kupitia plagini yake. Aliye kwenye 1.10 au 1.12 asipoteze wikendi nzima akitafuta njia ya mkato. Chukua bakapu, panda toleo.

OAuth2 nayo ina mipigo yake, na hapa ndipo watu wanapoumia kwa sababu mpigo ni mrefu, hauonekani.

Kama barua za hitilafu zinarudi kila baada ya siku 7, na kila ukibofya kuidhinisha upya zinatulia wiki nyingine, angalia mradi wako kule Google Cloud. Ukiwa umeachwa kwenye hali ya "Testing" na aina ya watumiaji ni "External", tokeni ya kujihuisha (kibali kinachoiruhusu osTicket iendelee kuingia) inakufa baada ya siku 7. Hakuna kilichoharibika, ndivyo walivyoiweka. Uchapishe mradi utoke kwenye majaribio, au kama ofisi ina Google Workspace, chagua "Internal". Kuna watu wameifanya kuidhinisha upya kila Jumatatu kuwa sehemu ya kazi yao, na mwenye ujuzi huo akienda likizo ofisi inakwama.

Kwa Microsoft, siri ya programu (client secret) unayotengeneza kwenye Entra, sehemu yao ya kusimamia akaunti na programu, ina ukomo, na mrefu kabisa unaoruhusiwa pale kwenye ukurasa wao ni miezi 24. Ikifika, unapata kosa AADSTS7000222. Aliyeitengeneza huenda alishahama kazi. Kosa linalofanana nalo ni AADSTS7000215, na hilo kwa kawaida linampata mtu siku ile ile ya kusanidi: pale kuna safu mbili, "Secret ID" na "Value", naye kanakili "Secret ID". Inayotakiwa ni "Value", na inaonyeshwa mara moja tu, ukiondoka kwenye ukurasa huioni tena, unatengeneza nyingine.

Mpigo wa dakika 5 kamili, barua 288 kwa siku, mtumaji Cron Daemon: hii ni cron inayokutumia chochote ambacho programu imekichapa. Mara nyingi inaanza usiku ule kampuni inayotunza seva ilipopandisha toleo la PHP (lugha iliyotumika kuandika osTicket). Kila mkimbio unatema mistari ya "PHP Deprecated", na cron kwa uaminifu inakutumia. Utaambiwa mtandaoni uongeze `>/dev/null 2>&1` mwishoni mwa amri. Ikinyamaza hivyo, siku kosa la kweli likija nalo litatupwa huko huko. Elekeza kwenye faili badala yake, `>> cron.log 2>&1`, mahali pasipofikiwa na umma, kisha tatua mgongano wa toleo la osTicket na toleo la PHP. Kumbuka pia PHP 8.4, iliyotoka Novemba 2024, imeondoa kiendelezi cha IMAP kwenye kifurushi chake cha msingi. Kwa toleo la zamani la osTicket linalokitegemea, hapo si maonyo tena, ni kusimama kabisa.

Kuna barua nyingine zenye kichwa cha "DB Error" na namba. Hizi ndizo zinazonifanya nisisitize tusizizime, kwa sababu ndani yake kuna ile amri ya SQL (lugha ya kanzidata) iliyogoma, yaani ushahidi wote mnapewa bure. Namba 145, jedwali limeharibika. Kabla ya kukimbilia REPAIR TABLE, angalia diski kwa `df -h`. Ikiwa imejaa, utalitengeneza na litaharibika tena kesho. Namba 1054, safu haipo: mtu alipandisha mafaili mapya lakini hakumaliza hatua ya kupandisha kanzidata.

Na namba 1366, "Incorrect string value", nataka niikalie kidogo. Ukiona ndani yake `\xF0\x9F`, mteja kaweka emoji. Kanzidata ya zamani iliyotengenezwa kwa `utf8` ya MySQL (programu ya kanzidata inayotumiwa na osTicket) inabeba herufi za baiti 3 tu, na emoji ni baiti 4. Zamani MySQL ilikuwa inatoa onyo tu na kuendelea na safari. Kuanzia toleo 5.7 ukali (strict mode) umewashwa tangu mwanzo, kwa hiyo usipozimwa kilichokuwa onyo kinakuwa kosa, na tiketi haizaliwi. Barua inabaki kikashani. Dakika 5 baadaye cron inaikuta, inaijaribu, inagoma, inakutumia hitilafu. Barua moja ya mteja mmoja mwenye furaha inakutengenezea hitilafu mamia kwa siku. Kutambua ni rahisi: maneno ndani ya hitilafu ni yale yale kila mara, hata jina la mteja. Ihamishe barua hiyo kwa mkono kwenda folda nyingine, usiifute, mteja bado anasubiri jibu. Kisha panga kuhamia `utf8mb4`, inayobeba hizo baiti 4.

Ombi moja zito. Mkibandika hitilafu zenu hapa, futeni majina, namba za simu na anwani zilizomo kwenye SQL. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya wana ya kwao ya 2019. Na hata pasingekuwa na sheria, yule mteja alikuandikia wewe, hakuliandikia jukwaa.

Nawasilisha. Leteni mipigo yenu tuisome.

#2 Mchangiaji, Mwanza

Mkuu shukrani kwa uzi. Yangu inakuja mara moja tu, saa tisa usiku, kila siku. Kichwa ni "osTicket Fatal Error". Asubuhi mfumo mzima kabisa. Halafu jambo jingine, nimeshabadilisha anwani ya admini kwenye mipangilio, lakini barua bado zinamwendea aliyenitangulia, naye ameshaacha kazi hapa. Ananitumia kwa WhatsApp kwa hisani yake tu.

#3 Mleta uzi

Mkuu, umeleta kesi nzuri sana kwa sababu maswali yako mawili yana jibu moja.

"Fatal Error" hiyo inatokea osTicket inaposhindwa kabisa kuifikia kanzidata. Sasa ile anwani uliyobadilisha kwenye mipangilio inakaa wapi? Ndani ya kanzidata. Ikishindwa kuifikia, haiwezi kuisoma. Ndiyo maana kuna anwani ya akiba iliyoandikwa kwenye faili `include/ost-config.php`, mstari wa `ADMIN_EMAIL`, tangu siku ya kufunga mfumo. Hiyo ndiyo ya mwenzako. Ibadilishe humo, kisha rudisha ruhusa ya faili iwe ya kusomwa tu.

Saa tisa usiku kwetu ni saa sita kamili usiku kwa UTC (saa ya kimataifa). Seva nyingi tunazokodi ziko nje na saa zake zimewekwa UTC, na saa sita usiku ndiyo saa ambayo watu hupenda kupangia bakapu. Waulize wanaotunza seva yako kama wanasimamisha MySQL au wanafunga majedwali wakati huo. Waombe wakuonyeshe logi ya MySQL ya dakika ile ile. Usiwaambie "mfumo unasumbua usiku", wape saa kwa UTC, watakujibu haraka.

#4 Mchangiaji, Mombasa

Boss, mimi niko na shida tofauti. Tuko na supplier ambaye pia anatumia mfumo wa tiketi. Alituandikia mara moja, yetu ikamjibu, yake ikajibu, yetu ikafungua tiketi ingine. Kufika asubuhi tulikuwa na tiketi mia kadhaa na seva ikaanza kusema tumepita kiwango cha barua kwa saa. Nimemweka kwa Banlist (orodha ya anwani zilizozuiwa), lakini sasa hata barua zake za ukweli haziingii.

#5 Mleta uzi

Ndugu, Banlist ni nyundo kubwa mno kwa mtu unayefanya naye biashara. Mtoe. Tengeneza kichujio cha tiketi kwa anwani yake, na kwenye hatua zake chagua kuzima jibu la kiotomatiki. Barua yake itafungua tiketi kama kawaida, ila mfumo wako hautamjibu wenyewe. Mnyororo unakatika upande wako, humhitaji afanye chochote.

Pia weka ukomo wa tiketi zilizo wazi kwa mtumiaji mmoja. Ikiwa sifuri, hakuna ukomo, na hapo ndipo mia kadhaa zinapopatikana.

Kuhusu chanzo: tangu 2004 kuna waraka wa viwango, RFC 3834, unaotaka kila jibu la kiotomatiki libebe kichwa cha `Auto-Submitted`, ili mfumo wa upande wa pili ulione na unyamaze. Fungua barua yake moja katika umbo ghafi, tafuta mstari huo. Kama haupo, mifumo yao ndiyo yenye kasoro na una haki ya kuwaandikia warekebishe. Kama upo, basi kuna kitu kinauondoa kabla barua haijafika osTicket, na mshukiwa wa kwanza ni sheria ya kusambaza barua kutoka akaunti moja kwenda nyingine.

Nikiwa hapo hapo kwenye kusambaza: wote mkague anwani ya admini isije ikawa inasambaza barua kwenda kwenye anwani ya tiketi. osTicket inakataa ukiandika anwani moja sehemu zote mbili, lakini haioni usambazaji uliofanyika kwenye seva ya barua. Matokeo yake hitilafu inakwenda kwa admini, inasambazwa, inachukuliwa kama tiketi, tiketi inazaa arifa, arifa inasambazwa tena. Mpigo wake ni ule wa cron, ila idadi inakua kila mzunguko. Mpigo mmoja na idadi inayokua, tafuta mnyororo.

#6 Mchangiaji, Dar

Mimi nilichoka nikafuta cron kabisa. Hitilafu zimepungua ila hazijaisha, zinakuja mchana tu. Jumamosi na Jumapili kimya.

#7 Mleta uzi

Kaka, mpigo wa saa za kazi maana yake kinachoamsha uchukuaji wa barua ni wafanyakazi wenzako. Kwenye mipangilio ya barua kuna kitufe cha "Fetch on auto-cron". Kikiwashwa, kazi za cron zinaendeshwa na shughuli za mawakala walioingia kwenye mfumo. Wikendi hakuna aliyeingia, kwa hiyo hakuna kinachochukuliwa, na kwa hiyo hakuna hitilafu. Lakini hata barua za wateja za Jumamosi zinalala hadi Jumatatu.

Hitilafu hukuipunguza, umepunguza majaribio. Rudisha cron, zima hicho kitufe, kisha tuletee maneno ya hitilafu yenyewe.

#8 Mchangiaji, Dar

Nimerudisha. Ni AADSTS7000222, kama ulivyoandika juu. Siri imeisha muda. Nimetengeneza mpya lakini sijaiweka bado, maana nimechungulia kikasha, kuna barua mia tatu na zaidi hazijasomwa, nyingine za wiki tatu. Nikiweka tu si zitaingia zote?

#9 Mleta uzi

Umefanya vema sana kusimama hapo kwanza, kaka. Zitaingia zote, na kila mteja atapata "tumepokea tiketi yako" kwa tatizo la wiki tatu zilizopita, pengine alishalitatua au alishahama. Na seva yako ya barua inaweza kukufungia kwa kupita kiwango.

Fanya kwa mpangilio huu. Kwanza zima jibu la kiotomatiki la tiketi mpya, kwenye mipangilio ya tiketi. Zima pia arifa za tiketi mpya kwa mawakala, wasije wakapata mia tatu kwa mpigo. Tahadhari za mfumo ziache zimewashwa. Hakikisha akaunti imepangwa kuhamisha barua iliyoshughulikiwa kwenda folda nyingine, isiachwe pale pale kikashani. Kisha weka siri mpya, idhinisha, hifadhi.

Kama akaunti yako imepangwa kuchukua barua 10 kila baada ya dakika 5, ni 120 kwa saa. Mia tatu zitakuchukua chini ya saa tatu. Usiongeze kiwango ili kuharakisha, acha ziingie polepole ukiangalia System Logs. Ikitokea "Excessive errors processing emails", kuna barua zinazogoma, fungua kikasha uzitoe kwa mkono.

Zikiisha kuingia, kaeni na watu wa huduma kwa wateja mzipange kwa tarehe. Za zamani kabisa zijibiwe na mtu, kwa maneno ya mtu, akieleza kwamba barua ilichelewa kufika kwa sababu ya hitilafu upande wenu na kuuliza kama tatizo bado lipo. Baada ya hapo ndipo uwashe jibu la kiotomatiki na arifa. Na tarehe ya mwisho ya ile siri mpya iandikeni kwenye kalenda ya idara, isikae kwenye simu ya mtu mmoja, ikumbushe mwezi mmoja kabla.

#10 Mchangiaji, Dar

Nimeshazima jibu la kiotomatiki na arifa. Naweka siri sasa hivi. Mkimbio wa kwanza umeleta 10, logi safi.

#11 Mleta uzi

Safi. Tazama na ya pili kabla hujainuka hapo. Ikileta 10 nyingine na logi bado iko safi, waambie wenzako wa huduma kwa wateja waanze kuzifungua.